Maneno Kabla ya Wimbo

Jumapili ya kwanza baada ya shemeji yangu kuoa, nilifika nyumbani kwa wakwe zangu Kyimo nikakuta jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile. Mke wake mpya alikuwa ameketi kochi moja na baba mkwe. Wanakula mahindi ya kuchemsha kwenye sahani moja, yeye anamwonyesha kitu kwenye simu, na baba mkwe anacheka mpaka anajishika kifua.

Mimi niliyaona hayo kupitia upenyo wa pazia, kutoka jikoni, kwa sababu mlango wa mbele wa nyumba ile haukuwa wangu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakai mahali pamoja na baba mkwe. Hampi mkono, hali naye, hamtazami usoni. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani na kugeuka upande mpaka apite. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, hasa watu wa mjini, lakini mama mkwe alinipokea kwa taratibu hizo nami nikazishika, kwanza kwa woga, baadaye kwa fahari. Kwa zaidi ya miaka kumi nilimjua baba mkwe kwa koti lake la mvua na kwa mgongo wake ukitokomea kuelekea kanisani.

Mwenzangu huyo, mke wa shemeji, alikuwa mtu wa Dodoma. Mama mkwe alijaribu kumweleza, akasikiliza vizuri kabisa, akaitikia, kisha akaenda kuketi pale pale. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyesema, "Huyo si wa huku. Mwacheni akae."

Mwacheni akae! Nilirudi nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Lakini kochi peke yake lisingenitesa kiasi kile. Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata mume wangu alikuwa halijui.

Baba mkwe ni mwalimu wa kwaya ya usharika. Kila mazoezi huweka simu yake juu ya benchi na kurekodi. Ile simu yake ya zamani ilirekodi kwa namna ambayo spika ya kanisani haikuweza kusoma. Ilikuwa lazima faili ligeuzwe kwanza kuwa MP3. Mimi nina duka la steshenari Makandana, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, naingiza nyimbo kwenye flashi. Basi tangu mwanzo kazi hiyo ikawa yangu. Baba mkwe alichomoa memori kadi, akaizungushia kipande cha karatasi, akampa mama mkwe. Mama mkwe aliifunga kwenye pindo la khanga yake na kuniletea siku ya kuja gulioni. Ninageuza wimbo, ninarudisha kadi kwa njia ile ile. Hivyo ndivyo tulivyohudumiana, mimi na mtu nisiyeweza kumtazama.

Siku moja nilifungua faili, na kabla ya wimbo nikasikia mtu akikohoa kidogo, kisha sauti yake ikaja karibu kabisa na simu: "Huyo anayegeuza hizi nyimbo, ule wa juzi ulikatika mwisho. Besi hawakumalizia. Aangalie."

Niligeuka nyuma kana kwamba ameingia dukani. Kisha nikajikuta nimevuta khanga na kujifunika kichwa, peke yangu, mbele ya kompyuta.

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimekata vibaya. Nikaurekebisha, nikarudisha. Kadi iliyofuata ilianza hivi: "Hapo sawa. Ndaga fijo." Alikuwa ananishukuru sana, kwa Kinyakyusa. Na hapo ndipo wanakwaya wakaanza kuimba.

Tangu siku hiyo akawa ananiongelesha. Hakunitaja kwa jina wala kwa cheo, ni "huyo anayegeuza" tu. "Anayegeuza atusamehe, leo mvua imepiga bati tangu tulipoanza." "Nasikia mtoto ana homa. Ajaribu kumpa uji mwepesi." Nilijua kwamba hasemi na kwaya, kwa sababu sauti yake ilishuka, na nyuma yake niliwasikia wenzake bado wanavuta mabenchi. Nami nilimjibu kwa kazi yangu. Akisema soprano wanapiga kelele, nilipunguza. Akisema hajisikii vizuri kifuani, nilimpelekea asali kupitia kwa mume wangu, bila kusema imetoka kwa nani. Maneno yake yote niliyakata kabla ya kurudisha wimbo, maana yalikuwa yangu. Kanisani ulifika wimbo mtupu, na mimi nilibaki na yale ya mwanzo, nikiyasikiliza wakati wateja wamepungua na mvua imefunga barabara.

Kwa hiyo nilipomwona yule binti wa Dodoma kwenye kochi, niliona mtu anayekunywa kwa ndoo maji ambayo mimi niliyangoja tone kwa tone.

Mwaka huo kwaya ilikuwa inaandaa sherehe ya kutimiza miaka mingi tangu ianzishwe. Baba mkwe akataka rekodi zote, za miaka yote, zigeuzwe na kugawiwa wanakwaya. Mama mkwe aliniletea kopo la majani ya chai limejaa memori kadi. "Baba anasema zote," akaniambia. "Hata zile za mazoezi."

Zilikuwa mamia. Nilianza moja moja kama nilivyozoea. Nafungua, nasikiliza, nakata mwanzo, nageuza, naandika jina la wimbo, nakwenda kwenye inayofuata. Katikati mteja anataka kopi ya cheti, mwingine anataka barua ichapwe, umeme unakatika, ninaanza tena. Mume wangu, akipita kutoka Isongole na magunia yake ya viazi, alichungulia na kutikisa kichwa.

"Hutamaliza hizo."

"Nitamaliza."

Kwa kweli sikutaka hata kumaliza upesi. Nilikuwa nimeketi na sauti ya miaka kumi.

Ndipo mwenzangu alipokuja dukani kuchapisha karatasi zake za kuombea kazi. Alikuwa amesomea mambo ya kompyuta. Akasimama nyuma ya kiti changu akatazama.

"Dada, unazifanya moja moja?"

"Ndivyo zinavyofanywa."

"Mbona unaweza kuandika amri moja tu? Unaiambia kompyuta: kila faili lililomo kwenye folda hii, ligeuze. Inazipitia zote yenyewe, wewe unaendelea na shughuli zako."

"Hizi zinataka kusikilizwa," nikamwambia.

"Si watasikiliza wenyewe wakishapewa?"

Alisema bila ubaya wowote. Nilimchapishia karatasi zake, nikamkabidhi, nikamwambia nina kazi.

Siku chache baadaye mama mkwe akapiga simu. Baba ameagiza kopo lirudi. Mke wa mdogo wetu amesema atazimaliza hapo hapo nyumbani. "Upumzike, mwanangu," akaongeza, na nilijua anasema kwa upendo, lakini neno lile lilinichoma. Nililipeleka kopo mwenyewe Jumapili, pamoja na flashi yenye rekodi za asili, bado hazijakatwa, zote nilizokwisha kuzipanga na kuzipa majina.

Nilikuwa jikoni na mama mkwe tukimenya ndizi. Sebuleni mwenzangu ameweka laptopu yake juu ya meza, baba mkwe pembeni yake. Kupitia pazia niliona kioo cha laptopu kimekuwa cheusi, hakuna picha wala vitufe, maandishi meupe tu. Aliandika mistari michache, akabonyeza, na maandishi yakaanza kukimbia kutoka chini kwenda juu kama mvua iliyogeuzwa.

"Sasa inafanya nini?" baba mkwe akauliza.

"Inageuza nyimbo zako, baba. Ona, huu umekwisha. Huu nao. Huu."

"Na wewe hufanyi kitu?"

"Mimi nakaa na wewe."

Baba mkwe akacheka. Kisu kikateleza mkononi mwangu, mama mkwe akaniangalia.

Kisha kicheko kikakoma. Mwenzangu akasema, "He, hizi nyingine zimegoma." Akatazama, akasogeza maandishi juu na chini. "Zote zilizogoma ni hizi zenye majina marefu. Nani ameandika majina haya?"

Mama mkwe akaniangalia tena. Nikasema kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni, "Ni mimi."

Sitaficha: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaacha kumenya. Rekodi zilizokubali amri yake zilikuwa zile zenye majina ya tarakimu tupu yaliyowekwa na simu, na zilizomkatalia zote zilikuwa zangu, nilizozibatiza kwa mkono.

"Dada, umeweka nafasi kati ya maneno," akaniambia kupitia pazia. "Kompyuta ikikuta nafasi inadhani jina limeishia hapo. Inatafuta faili linaloitwa nusu ya jina, hailioni."

"Basi yabadilishe," nikajibu, na nikatamani ashindwe.

Hapo ndipo baba mkwe aliposema, kwa sauti iliyokuwa tofauti kidogo, "Majina hayo yaache kama yalivyo."

"Wala sihitaji kuyabadilisha, baba. Nazungushia alama za nukuu tu hapa kwenye amri, ijue jina linaanzia wapi na kuishia wapi." Akaandika, akabonyeza. Mvua ile nyeupe ikaanza tena, na sasa zangu zikapita zote, moja baada ya nyingine, bila kukwama. Ndizi zilikuwa hazijaiva na kazi ilikuwa imekwisha. Furaha yangu ilikuwa imedumu kwa muda wa kuandika vialama viwili.

"Tusikie mmoja," baba mkwe akasema.

Mwenzangu akafungua wowote. Haukuanza na wimbo. Ilianza sauti ya baba mkwe wa miaka iliyopita akiwagombeza soprano, akiwauliza kama wamekuja kuimba au kuota moto, na watu wakicheka, na mmoja wa waliocheka alikuwa mzee wa besi tuliyemzika zamani. Baba mkwe alisogea karibu na laptopu. Kisha akasema, "Urudie hapo mwanzo." Akaurudia. Akasema tena, "Urudie."

Mimi mianzo ile ndiyo niliyoikata miaka yote. Nilidhani anachotaka ni nyimbo tu. Na huku naona uchungu kwamba mwenzangu amempa zawadi ambayo mimi nilimnyima bila kujua, ndipo likanijia jingine: kama huo mwanzo umebaki, basi mianzo yote imebaki. Na yangu imo.

Nikamwita jikoni. "Mdogo wangu, zile sehemu za mwanzo zikatwe."

"Kwa nini? Baba amezipenda sana, hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Halafu kuzikata ni lazima mtu azisikilize moja moja, maana kila moja ina urefu wake. Amri haiwezi kujua wimbo unaanzia wapi. Na sherehe ndiyo hiyo imefika."

Ningemwambia nini? Kwamba humo ndani baba mkwe anaongea na mimi? Nikarudi kwenye ndizi zangu. Niliamini, au nilijidanganya, kwamba kati ya mamia yale hakuna atakayeyakuta.

Siku ya sherehe mvua ilitusamehe. Turubai lilifungwa uwanjani kanisani, wanaume upande mmoja, na sisi wanawake nyuma kwenye masufuria. Flashi zilikuwa zimegawiwa, kila mwanakwaya na yake. Aliyekuwa anaendesha spika aliweka ya kwake na kuiacha ijipigie. Watu walikuwa wanasikia sauti zao za ujana, wanapiga makofi, wanaitana. Kila mwanzo ulipokuja, baba mkwe akiwagombeza au akihesabu, kicheko kilipita uwanja mzima.

Kisha ikaja sauti ya chini, ya karibu, na nikaijua kabla haijamaliza kukohoa.

"Huyo anayegeuza hizi nyimbo, nimeambiwa amejifungua salama. Mimi siwezi kwenda kumwona. Basi huu tunamwimbia yeye na mtoto. Haya. Moja, mbili."

Kwaya ikaimba. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata. Wote walijua nani hugeuza nyimbo. Vichwa viligeuka kututafuta sisi wa masufuriani. Baba mkwe alisimama, akavaa koti lake ingawa hakukuwa na mvua, akaenda kusimama nyuma ya kanisa. Pengine naye aliamini miaka yote kwamba maneno yale yakishanifikia hayapo tena.

Watu walisema ni jambo zuri. Walinishika mikono. Lakini mimi nilichoona ni kitu changu kimepakuliwa kwenye sahani za watu kama pilau, na kila mmoja anarudi nacho nyumbani kwenye flashi.

Mama mkwe hakupiga kigelegele. Alikuwa ameshika mwiko, hakorogi.

"Kumbe nilikuwa talishi wenu," akasema taratibu, kwa kile Kiswahili chake kinachoiacha r nyumbani. "Miaka yote nimefunga maneno yenu kwenye khanga yangu."

"Mama, hayakuwa mabaya."

"Najua hayakuwa mabaya. Nimezaa watoto sita na yule mwanamume." Akageuza wali. "Hajawahi kuniimbia wimbo."

 Siku ile nilielewa kwamba ugonjwa ule wa wivu sikuugua peke yangu, ila kuelewa hakukuniponya.

Wiki iliyofuata mwenzangu alikuja dukani. Safari hii hakuwa na cha kuchapisha. Aliketi kwenye kiti cha kupigia picha, akachezea pazia la bluu.

"Nimezisikiliza zote," akasema. "Zile anazokuongelesha wewe."

"Zote?"

"Zote. Dada, nisamehe. Ningejua ningezikata." Kisha akasema, "Nakuonea wivu, ujue."

Nilicheka kwa uchungu. "Wewe? Wewe unayekaa naye kochi moja?"

"Tunaongea habari za simu. Hii inafunguaje, ile inafutikaje. Hajawahi kuniuliza nimelalaje. Baba yangu mwenyewe alifariki nikiwa mdogo, nilidhani hapa nimepata mwingine. Kumbe mwenzangu ndiye unaulizwa hata homa ya mtoto."

Ningeweza kumfariji. Sikumfariji. Niliona kaubaridi katamu kakinishuka kifuani, nikamwacha aendelee kuchezea pazia. Baadaye ndipo nilipomwomba anifundishe ile amri. Alikubali haraka, akavuta kiti karibu. Akanionyesha jinsi ya kuliita lile dirisha jeusi, jinsi ya kuliambia liingie kwenye folda gani, na ule mstari wenyewe: kwa kila faili humu, fanya hivi. Aliniandikia na alama za nukuu. Nilikosea mara kadhaa, mara moja nikageuza folda isiyohusika kabisa, naye hakunicheka. Ni mwalimu mzuri, na hilo nalo liliniudhi.

Kadi za mazoezi mapya zikarudi kuja kwangu. Nilizifungulia dirisha jeusi na kuzigeuza zote kwa mkupuo. Kisha nikazifungua moja moja nisikilize. Baba mkwe alihesabu, kwaya ikaimba. Hakukuwa na kingine. Alihesabu, wakaimba. Hata kugombeza alikuwa amepunguza, kama mtu anayejua mlango uko wazi.

Mama mkwe ndiye aliyeamua kule kujificha kuishe. Alinipigia, akaniambia nije Jumamosi na nipitie mlango wa mbele. "Wote mmekwisha kusikika mpaka kanisani. Mtajificha nini tena? Njoo umsalimie baba yako."

Nilivaa khanga mpya. Mume wangu alinisindikiza mpaka barazani, akaniacha. Ndani alikuwepo baba mkwe kwenye kiti chake, mama mkwe, na mwenzangu kwenye kochi. Nilipiga magoti mbali kidogo, macho kwenye mkeka.

"Mugonile, baba," nikamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Hamjambo Makandana?"

"Hatujambo."

"Mvua?"

"Inanyesha, baba."

"Na duka?"

"Linakwenda."

"Vizuri. Vizuri sana."

Akatazama dirishani. Mimi nikatazama miguu yake, ambayo sikuwahi kuiona kwa karibu, soksi za sufu zilizotobolewa na kidole. Nilikuwa na mambo ya kumwambia ya miaka kumi, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Sauti ile ya chini haikuwa mdomoni mwa mzee huyu. Alikuwa baba mkwe wa mtu yeyote, ameona haya, anangoja chai.

Mama mkwe akaleta chai. Aliniwekea kikombe changu mezani pamoja na vya wengine, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa akitutazama mmoja mmoja. Baba mkwe akatoa simu mfukoni na kumwelekea mwenzangu. "Mwanangu, hii imeanza tena kuniletea matangazo."

"Ilete niione, baba," akasema, akamsogelea, na kichwa chake kikakaribia bega lake.

Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa na maziwa mengi, jinsi ninavyoipenda, na niliinywa yote nikiwatazama.